Kutoka Delft hadi Berlin: Mjusi wa Tendaguru na Wapagazi Wake



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yangu ya Ulaya ya mwaka 2012. Nilikuwa Delft, Uholanzi, kwa mwaka mmoja nikisomea usimamizi wa maji. Masomo yalipokwisha nilikuwa na wiki mbili kabla ya kurudi kazini, na akiba kidogo ya posho. Wenzangu walinunua kompyuta na luninga. Mimi nilikata tiketi za treni.

Nianze na mambo ya njiani, maana najua ndiyo wanafunzi wanayoyangoja. Safari ya namna hiyo haihitaji utajiri. Mtu hulala katika hosteli za vijana, vitanda sita au vinane chumba kimoja. Hununua mkate na jibini dukani badala ya kuingia hotelini. Na usiku mwingine husafiri kwa basi ili aokoe fedha ya kitanda. Kibali changu cha kukaa Uholanzi kilitosha kunipitisha Ubelgiji na Ujerumani, kwa sababu nchi hizo zimo katika mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg. Ukitoka Brussels kwenda Köln, mpaka unautambua kwa kubadilika lugha ya matangazo tu.

Köln kuna kanisa kuu ambalo minara yake ina urefu wa mita 157 hivi. Lilianza kujengwa mwaka 1248, likamalizika mwaka 1880. Katikati hapo kazi ilisimama kwa karne karibu tatu. Ilipotakiwa kuanza tena, wajenzi walifuata mchoro wa kale wa upande wa mbele, uliopatikana vipande viwili, kimoja mwaka 1814 na kingine mwaka 1816. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yetu ni majalada. Nililitazama jengo lile nikasema moyoni: hii ndiyo faida ya kutunza karatasi.

Kutoka hapo nikaenda Berlin. Wanafunzi wa Historia mnaujua mkutano uliofanyika huko kuanzia Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, bila Mwafrika hata mmoja kualikwa. Kesho yake, tarehe 27, Carl Peters na kampuni yake wakapewa hati ya Kaisari juu ya nchi walizodai kuzipata huku kwetu. Jengo la mkutano halipo tena. Nilipita barabara ile ya Wilhelmstrasse, watu wanakwenda zao kazini.

Lakini nililolifuata Berlin lilikuwa lingine. Mwalimu wetu wa Jiografia alitueleza tukiwa kidato cha pili kwamba mjusi mkubwa wa Tendaguru amesimamishwa huko. Nikamkuta katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Mifupa hiyo ina umri wa miaka milioni 150 hivi, na kimo chake kinapita mita 13. Wataalamu humwita Giraffatitan. Watoto wa Kijerumani walikuwa wamekaa chini wakimchora, na mmoja wao aliponiuliza natoka wapi, nilimwonyesha kibao kilichoandikwa Tendaguru. Nikamwambia: huyu na mimi tunatoka mkoa mmoja.

Ndugu zangu, uchimbaji ule ulifanyika kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, miaka miwili tu baada ya kwisha Vita vya Maji Maji na katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye njaa. Waliochimba walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifungwa mizigo, wapagazi wakazibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuitambua na kuitengeneza mifupa. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Boheti, basi, ana jina. Wapagazi wamebaki hesabu. Wajukuu na vitukuu wao wamo katika vijiji vya mkoa huu, na baadhi yenu wanafunzi huenda ni damu yao. Ofisini tunajua kwamba jambo lisilo na jalada huhesabiwa halikutokea. Wazee waliosimuliwa habari hizi na babu zao wanapungua kila mwaka, na sisi tunabishana tu kama mjusi arudishwe au asirudishwe. Arudi asirudi, majina hayatarudi yenyewe.

Kwa hiyo natoa hoja, Ndugu Mwenyekiti. Chama chetu kigharamie kila mwaka gari la kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Tendaguru na vijiji vya jirani, wakiwa na daftari na kalamu. Waulize nani alichimba, nani alibeba, alilipwa nini, alirudi vipi. Daftari hizo zitunzwe katika maktaba ya shule hii. Mimi naanza kwa kutoa mafuta ya safari ya kwanza.

Nanyi wanafunzi, mkijaliwa kwenda Ulaya, nendeni mkiijua kwanza nchi yenu. Asiyeijua ataona majengo tu.