Lori Likikataa Kwenda Ghafula, Dereva Asihukumiwe Kabla ya Giaboksi Kupimwa

Ndugu wanachama, madereva, mafundi na utingo,

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo la gereji linalofika mpaka mfukoni mwa mfanya kazi. Lori la giaboksi ya otomatiki, lililokwisha tembea kilomita 400,000 au zaidi, lasimama ghafula njiani. Injini yanguruma, gia imetiwa, lakini lori haliendi. Kabla hata mtu hajainama kutazama, neno limekwisha semwa: "Dereva ameua giaboksi."

Sisi twasema neno hilo lingoje. Giaboksi ya namna hii hufanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa na pampu. Mafuta yakipungua sana, klachi za ndani hazishiki, na lori halivuti hata kama vyuma vyote ni vizima. Basi tupime kwa utaratibu, tukianza na lililo rahisi.

Kwanza, mafuta. Lori lisimame mahali palipo sawa, breki ikazwe, magurudumu yatiwe kabari. Mafuta yapimwe kama kitabu cha gari hilo kinavyoagiza. Tazameni pia mipira iendayo kwenye kipoza mafuta, maana mpira uliopasuka waweza kumwaga yote. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi kipoza mafuta kimetoboka. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, klachi zimeungua.

Pili, kebo na umeme. Huenda mkono wa gia wasogea na kebo imechomoka. Fyuzi, waya na betri vikaguliwe. Namba za hitilafu zilizo katika kompyuta ya gari zisomwe na kuandikwa kabla mtu hajazifuta.

Tatu, propela. Breki za magurudumu zikiwa zimekazwa na injini ikizunguka polepole, gia itiwe, na mtu atazame kutoka kando. Asiingie chini ya gari! Propela ikizunguka na lori limesimama tu, giaboksi inatoa nguvu; kilichovunjika ki nyuma, katika difu au ekseli.

Nne, yote hayo yakiwa mazima, fundi apime nguvu ya mafuta kwa geji, kisha afungue sahani ya chini. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma ni habari nyingine, na hapo ndipo giaboksi ishushwe.

Tena, lori lisivutwe magurudumu yake ya nguvu yakigusa chini kabla propela haijafunguliwa. Pampu huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, gia zitazunguka bila mafuta, na ubovu mdogo utakuwa mkubwa.

Hatusemi kwamba dereva hakosi kamwe. Anayeona taa ya onyo na kuendelea na safari anajitia hatarini. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara ukatwe kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na kosa la kukusudia. Uchakavu wa kilomita 400,000 si kosa la kukusudia. Na kifungu cha 41 chasema mfanya kazi asiachishwe kazi kwa utovu wa nidhamu kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu na kusikilizwa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe.

Kwa hiyo twawaomba: dereva, andika saa, kilomita, sauti uliyosikia, na siku ulipotoa habari ya ubovu. Fundi, andika ulichokiona, utie sahihi. Nakala moja apewe mwakilishi wa chama. Tena liulizwe daftari la matengenezo: mafuta na kichujio vilibadilishwa lini? Karatasi hiyo yaweza kuokoa mshahara wa mwenzetu.

Umoja ni nguvu.