Sasisho Likikwama, Mlango Hubaki Wazi



Mwezi Machi 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika Windows. Mwezi Mei, kirusi WannaCry kilipenya katika ufa huohuo kwenye kompyuta zisizosasishwa, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kikafunga mafaili na kudai fidia.

Basi sasisho likikataa kuingia, tunawasihi msilipuuze. Kwanza hifadhini nakala za kazi zenu nje ya kompyuta. Hakikisheni tarehe na saa ni sahihi, diski ina nafasi na intaneti haikatiki. Kisha zimeni, muwashe upya, mjaribu tena. Likishindikana, andikeni namba ya kosa, mmpelekee fundi mnayemfahamu.

Na mtu asiyeitwa akiwapigia simu kutaka nywila ili "awasaidie", msimpe. Toeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu.