Jumamosi Ile Dunia Iliendeshwa na Nani? Kumweleza Pasaka Asiye Mkristo

 

Mada niliyopewa ni kumweleza asiye Mkristo maana ya Pasaka. Naomba nianzie barazani, Ngamiani, Tanga, ambako niliulizwa jambo hili kabla sijawa tayari kulijibu. Ilikuwa Jumamosi, Ijumaa Kuu imepita jana yake. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu ninayeamkiana naye kila siku kwa shikamoo, alinisogezea kikombe cha kahawa akasema: "Mwalimu, nyinyi mnasema Isa ni Mungu, na jana mmemlilia kuwa amekufa. Kesho mtasema amefufuka. Sasa leo dunia inaendeshwa na nani?" Waliokuwepo wakacheka. Nami nikacheka, nikamaliza kahawa, nikaondoka na kashata mkononi kana kwamba nimechelewa mahali.

Wengi wenu, makatekista na walimu wenzangu, mmelisikia swali hilo kwenye mihadhara ya dini, likiulizwa kwa kipaza sauti ili mtu aaibike. Pale barazani halikuwa mtego. Mzee alitaka kujua, na mimi, katekista wa miaka mingi, sikuwa na cha kumwambia.

Baadaye niligundua nilikokosea. Nilikuwa nimejizoeza kuifundisha Pasaka kama somo, lenye vipengele na mistari ya kukariri. Usiku wa mkesha, moto ukishawashwa nje na mshumaa wa Pasaka ukishaingizwa katika kanisa lenye giza, huimbwa wimbo mrefu ambao kwa Kiswahili tunauita Mbiu ya Pasaka. Aliyechagua jina hilo aliijua lugha. Mbiu ni pembe. Ikilia kijijini watu huacha majembe shambani, maana wanajua kuna jambo: simba ameonekana, mtoto amepotea, au mjumbe amefika na neno kutoka mjini. Hakuna aliyewahi kupuliza mbiu ili kutangaza kwamba wema ni bora kuliko uovu.

Basi Pasaka kwanza ni habari, na anayesikia habari huuliza maswali ya kawaida kabisa. Kumetokea nini? Lini? Wapi? Nani ameona? Tukianza hapo, msikilizaji anapata kitu cha kushika. Mwambieni hivi: Yerusalemu, wakati wa Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, Yesu wa Nazareti aliuawa msalabani, akazikwa, na siku ya tatu wafuasi wake wakaanza kusema kwamba kaburi ni tupu na kwamba wamemwona yu hai. Jina la Pilato tunalitaja katika Kanuni ya Imani mpaka limekuwa kama pambo, lakini pale liko kama tarehe. Jiwe lililochongwa jina lake lilifukuliwa Kaisaria mwaka 1961. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, naye aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pilato.

Kwa jirani Mwislamu hapa ndipo penye ugumu, na sioni faida ya kuuzungukazunguka. Krismasi haitusumbui sana, kwa sababu naye anaamini kwamba Isa bin Mariamu alizaliwa na bikira. Kwenye msalaba tunaachana, kwani Suratun-Nisaa, aya ya 157, inakanusha kwamba aliuawa au kusulubiwa. Wapo wahubiri wetu wanaochukua Kurani na kujaribu kuithibitishia Pasaka humo humo. Mimi siwaungi mkono. Kitabu cha mtu msomee mwenyewe akikuomba. Mwambie tu kwamba hapa hatukubaliani, kisha umweleze tunachoamini, asije akakataa kitu ambacho wala hatukisemi.

Sasa mashahidi. Injili ya Marko inawataja wanawake watatu waliokwenda kaburini alfajiri: Mariamu Magdalena, Mariamu mama yake Yakobo, na Salome. Walibeba manukato. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili maana ya safari hiyo; anajua kuosha maiti, anajua sanda, anajua harufu ya karafuu maiti. Wale hawakwenda kungoja muujiza. Walikwenda kumalizia kazi ya maziko iliyokatishwa na Sabato, na shida yao njiani ilikuwa nani atawasukumia jiwe. Waliporudi na habari, Luka anasema mitume wenyewe waliiona ni upuuzi.

Hapo simameni kidogo, hasa mkizungumza na vijana wa vyuo wanaosema haya yote yalitungwa. Katika Uyahudi wa wakati ule ushahidi wa mwanamke haukuwa na uzito mbele ya baraza. Karne ya 2, mpinzani mmoja aitwaye Celsus aliidhihaki imani yetu kwa hoja hiyo hiyo, kwamba aliyeona ni mwanamke aliyepagawa. Mtunzi wa uongo angemtanguliza Petro, au Nikodemo mwenye cheo chake. Sisemi kwamba jambo hili linathibitisha ufufuko, na kijana mwerevu atawakamata mkisema hivyo. Linaonyesha tu kwamba walioandika walibanwa na kitu kilichokwisha kujulikana, wakakiandika na aibu yake. Na msiwafiche kwamba nakala za kale kabisa za Marko tulizo nazo kamili, za karne ya 4, zinaishia pale wanawake walipokimbia kwa woga bila kumwambia mtu neno. Mimi mwisho huo unanivutia kuliko ule mrefu ulioongezwa.

Swali dogo linalorudi kila mwaka: Ijumaa jioni mpaka Jumapili alfajiri ni siku tatu gani? Waulizeni wazee wa pwani. Kwa hesabu ya Kiyahudi, kama ilivyo hesabu ya Kiswahili ya kale, jua likichwa siku mpya imeingia, na kipande cha siku huhesabiwa kuwa siku. Matanga nayo aghalabu huanuliwa siku ya tatu, na hakuna anayesimama mlangoni na saa kuhakikisha zimetimia saa 72.

Lakini kuna mfano mmoja naomba tuuache. Pasaka kwetu huangukia masika, na mara ngapi tumehubiri kwamba Yesu alifufuka kama mbegu inavyofukiwa na kuota? Mtume Paulo kweli alitumia mbegu alipowaandikia Wakorintho, ila alikuwa akieleza mwili wa ufufuko utakavyotofautiana na huu. Ukimpa asiye Mkristo mbegu peke yake, anaondoka akidhani tunasherehekea mvua na mahindi. Mahindi huota kila mwaka. Tunachodai sisi ni kwamba jambo hili lilitokea mara moja, kwa mtu mmoja mwenye jina, na kwamba hakufa tena. Dai hilo ni kubwa na linakera. Liacheni likere.

Tuje Jumamosi. Jibu fupi kwa mzee lipo, na Kanisa lililiweka wazi katika Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451: Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu. Aliyekufa alikufa kwa ubinadamu wake. Uungu haukuzimika kama taa. Tena kufa si kutoweka. Mzee wangu anaamini barzakhi. Aliyezikwa leo kwake hajafutika, yuko mahali akingoja. Nasi tunakiri kwamba Kristo alishuka kuzimu, yaani aliingia huko waliko wafu wote. Dunia Jumamosi ile iliendeshwa na Yeye aliyeiendesha Ijumaa.

Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi, kwa sababu linamlinda Mungu asiguswe, na Pasaka yote inasema aligusika. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, ya kumvua mtu nguo na heshima mbele ya wapita njia. Kwa neno hilo, mtumwa, pwani yetu haihitaji mfasiri. Pale Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa la Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa bingwa wa Kiswahili. Wageni huonyeshwa altare na kuambiwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Waliolijenga wangeweza kueleza kwa vitabu. Waliona afadhali meza ya Bwana iwekwe palipomwagika damu.

Huko ndiko neno letu ukombozi linakopata uzito wake. Kukomboa ni kukitoa kitu rehani, au kumtoa mtu utumwani kwa kulipa. Msikilizaji akiuliza alilipwa nani, msikimbilie kujibu. Kati ya wanateolojia, Origene alifikiri ni shetani, Gregori wa Nazianzo akakataa katakata, na karne nyingi baadaye Anselmo akaja na hesabu nyingine. Kinachofahamika bila hesabu ni kwamba aliyefungwa yuko huru, na aliyemtoa alipita humo humo alimofungwa yeye.

Kwa sababu hiyo napenda Jumamosi Kuu ilivyo kanisani kwetu. Hakuna Misa mpaka mkesha. Altare imevuliwa vitambaa, tabernakulo iko wazi, tupu. Mleteni rafiki yenu asiyeamini aone kanisa likiwa hivyo, mchana, kabla ya nyimbo na ngoma. Wanafunzi wa Yesu walikuwa na siku kama hiyo, wala hawakujua kwamba kesho yake ni Jumapili ya Pasaka. Mzee wangu alimzika mwanawe miaka ya nyuma. Nadhani aliielewa Jumamosi hiyo kabla yangu.

Mwaka uliofuata nilimrudishia jibu lake, barazani pale pale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hakubali, ila sasa ameelewa ninachosema. Kisha akauliza kwa nini sikukuu yetu inahamahama. Nikamweleza kwamba Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe Jumapili moja, na kwamba hesabu yake ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake. Akaniangalia kama mtu aliyefichwa jambo miaka yote.

"Kumbe nanyi mnafuata mwezi," akasema. "Sisi mwandamo, nyinyi mpevu."

Jioni ya Ijumaa Kuu iliyofuata nilipotoka kwenye Njia ya Msalaba nilimkuta amesimama nje ya nyumba yake, uso ameuelekeza juu.