Karakana ya Baiskeli ya Watu wa Kujitolea



Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia katika miaka ya 1960, na hata leo wako wanaopata riziki yao kwa magurudumu mawili. Kwa hiyo karakana ya kujitolea si mahali pa mchezo. Kazi isiyo na mshahara yahitaji utaratibu zaidi. Spana zihesabiwe kila jioni. Senti za viraka ziandikwe daftarini. Mwanafunzi azibe pancha mwenyewe, fundi akimwangalia: gundi ikauke kwanza, ndipo kiraka kibandikwe. Tena baiskeli isitoke kabla mtu wa pili hajajaribu breki. Mteremko haumwulizi mpandaji kama fundi wake alilipwa au alijitolea.