Kuni mbili za mjane wa Sarepta

Somo: 1 Wafalme 17:8-16

Mama uliye jikoni, usizime redio. Neno la leo linahusu hilo jiko lako.

Eliya anafika kwenye lango la mji wa Sarepta. Mvua imekosekana muda mrefu. Anamkuta mama mjane akiokota kuni, na Biblia inatuambia hata hesabu yake: mbili. Anataka kupika unga wa mwisho, ale na mtoto wake, kisha wangoje kufa. Mara nyingi tunahubiri juu ya unga na mafuta ambayo hayakuisha. Leo tubaki kwanza kwenye kuni.

Ukame ule uliletwa na nani? Si na mjane huyu. Dhambi ilikuwa kwenye nyumba ya mfalme Ahabu, na mama huyu hakuwa hata Mwisraeli, alikuwa mtu wa nchi ya Sidoni. Lakini aliyeishiwa unga ni yeye. Ahabu mwenyewe, ukisoma sura ya 18, alikuwa anatafuta majani ya farasi zake.

Ndivyo ilivyo na joto la dunia tunalosikia kwenye habari. Tangu viwanda vilipoanza Ulaya, kisha Marekani na kwingine, watu wamechoma makaa ya mawe na petroli bila kipimo. Hewa inayotoka humo inafunika dunia kama blanketi, na joto limepanda kwa zaidi ya digrii moja. Mtu wa Nyamitaba anayekwenda sokoni kwa miguu, asiye na umeme wala motokari, mchango wake katika jambo hilo ni mdogo sana. Mtu akija kutuambia kwamba sisi ndio tumeharibu majira, tumjibu kwa heshima kwamba Mungu anachukia mizani ya udanganyifu.

Lakini njaa ya Sarepta ilikuwa ya kweli hata kama kosa lilikuwa la Ahabu. Hapa kwetu wazee walijua wiki ya kupanda maharagi; sasa mvua inachelewa, halafu inakuja yote kwa siku moja. Hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, na ikiyaachilia inaachilia kwa nguvu. Barafu ya mlima Ruwenzori, ambayo Wazungu waliipima mwaka wa 1906, imebaki kidogo sana. Na tusisahau tarehe 4 Mei 2023 huko Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, maji na mawe yaliposhuka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 400. Hatusemi kila mvua kubwa inatokana na joto la dunia. Tunasema mlima usio na miti haungoji sababu mbili.

Tunajua jibu la wapendwa wengine. Wanasema hizi ni dalili za siku za mwisho, Petro aliandika kwamba dunia itaungua, basi kwa nini tupande mti? Wengine wanafungua Mwanzo 8:22, kwamba kupanda na kuvuna hakutakoma, hivyo hakuna cha kuogopa. Wandugu, tunaamini maandiko yote mawili. Ila Mungu aliahidi kwamba majira yatakuwepo. Hakuahidi kwamba udongo wa shamba lako utabaki juu ya kilima ukikata kila kinachoushika. Na yule anayengoja Bwana arudi, mbona bado anapeleka watoto shuleni na kununua manjanja ya kuezeka nyumba?

Sasa turudi kwenye kuni. Mjane alihitaji mbili. Sisi kwa sufuria moja ya maharagi tunamaliza mzigo ambao binti yetu ameubeba kwa saa nyingi, tena siku hizi kwenye njia ambazo mzazi hapumui mpaka mtoto arudi. Moto wa mafiga matatu unapasha hewa pande zote, na sufuria inapata kidogo. Jiko la udongo lenye kuta, lenye mdomo mmoja wa kuingiza kuni, linakusanya moto chini ya sufuria. Udongo tunao, majani makavu ya kuchanganya nao tunayo, haliombi franka hata moja. Loweka maharagi tangu jioni. Kausha kuni chini ya paa kabla ya kuziwasha, kwa maana kuni mbichi hula moto wake zenyewe na moshi huingia kifuani mwa mtoto aliye mgongoni. Funika sufuria. Maharagi yakishachemka vizuri, yatoe motoni, yaweke kwenye kapu lililojazwa majani makavu ya ndizi, yafunikwe kwa blanketi. Yataendelea kuiva yenyewe wakati wewe uko shambani.

Hapa tuungame. Kwenye mkutano wetu mmoja wa maombi, sisi viongozi tulipikia watu siku nne kwa mafiga, tukaangusha miti iliyokuwa nyuma ya kanisa, na hakuna mtu aliyepanda hata mmoja mpaka mama mmoja mzee alipotuuliza kivuli kimekwenda wapi. Tuliona haya.

Juu ya makala tuseme kwa upole. Kutoa kilo moja ya makala kwenye tanuru letu la udongo kunakula kilo tano hata kumi za kuni. Goma inakula makala kila siku, na mengi yametoka kwenye mbuga ya Virunga. Lakini hatutasimama mimbarani kumhukumu mama anayeuza gunia apate pesa ya shule, huku akilipa kwenye kila kizuizi cha barabara. Tunamwomba mwenye kuchoma awe pia mwenye kupanda. Inawezekana: tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti yao wenyewe ya makala. Mikaratusi inakua upesi, ila isikaribie chemchemi, inakunywa sana. Kwenye mpaka wa shamba gerevilea ni nzuri, na kwenye mteremko chimba mitaro ya kukatisha maji, juu yake panda matete, ng'ombe na mbuzi watakushukuru.

Wababa, neno hili ni lenu. Kuni zinabebwa na mama, lakini ruhusa ya kupanda mti iko kwenu. Tunajua pia kwamba wengi mnalima shamba la kukodi, na mwenye ardhi hataki kuona mti wa mtu mwingine, kwa sababu mti ni kama barua ya umiliki. Mwendeeni wawili watatu pamoja na mzee wa kijiji, muongee. Akikataa, jiko bado ni lako.

Na wewe uliyekimbia mara mbili, mara tatu, unayesema nipande nini wakati kesho nitakimbia tena? Soma Jeremia 29:5-7. Maneno ya kujenga nyumba na kupanda bustani Mungu aliwaambia watu waliohamishwa kwa vita, wasiojua watarudi lini. Hata kwa wenye silaha kuna amri, Kumbukumbu la Torati 20:19: mkizingira mji, msiangushe miti yake ya matunda. Wanaotusikia wakiwa na panga au bunduki, wasikie.

Jumapili, baada ya ibada, tutajenga jiko la kwanza la udongo nyuma ya kanisa, pale miti ilipokuwa. Wamama wanaojua kufinyanga watuongoze. Kila familia ije na ndoo moja ya udongo wa mfinyanzi, na mwenye mche wa gerevilea aje nao. Vijana wachimbe mashimo Jumamosi jioni, mvua ikiruhusu.