Proforma Tatu, Mkono Mmoja: Akili Mnemba na Manunuzi ya Shule Kusini mwa Maniema

Mwaka 1870 David Livingstone alikwama Bambarre, Kabambare ya leo, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Karatasi zilimwishia, na mwaka uliofuata akawa anaandika shajara juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Shehena yake ilikuwa imekwisha kutumwa kutoka Unguja. Alipofika Ujiji Oktoba 1871, alikuta Sherif, aliyekabidhiwa mali ile, ameiuza.

Kununua ni kazi moja, kupokea ni nyingine. Ndiyo maana akili mnemba inayotunga maandishi, ambayo sasa inaweza kuandaa hati za manunuzi ya shule, inastahili kupimwa kwa macho ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Faida yake ni ya kweli. Mkuu wa shule anayehitaji madawati huandika kila kitu kwa Kifaransa: sifa za bidhaa, barua ya kuomba bei, jedwali la kulinganisha proforma (nukuu za bei za wauzaji), mkataba. Mashine inaweza kumwandalia rasimu zote, kisha ikaufafanua mkataba kwa Kiswahili ili wazazi wa COPA (kamati ya wazazi) na wajumbe wa COGES (kamati ya usimamizi wa shule) waelewe wanachokubali. Hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Elimu ya msingi bure imo katika ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, na ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Fedha za shule za msingi za umma sasa ni fedha za umma, na mzazi ana haki ya kujua zilikokwenda.

Lakini bei ya bati Kasongo mashine haiijui. Bei hiyo hutokana na njia: mzigo umepanda treni ya kutoka Lubumbashi, ukashushwa Samba na kuvushwa Lualaba, au umepitia Fizi na Kabambare wakati mvua imekata barabara? Ikiulizwa, mashine inaweza kutaja tarakimu bila kusita, hata kama ni ya kubuni. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwingine: Juni 2023, mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ushindani. Sheria ya manunuzi ya umma, namba 10/010 ya 27 Aprili 2010, inataka wauzaji washindane kwa haki. Mahali pengi duniani, ushindani wa aina hiyo huigizwa kwa proforma tatu zilizoandikwa na mkono mmoja. Zamani hila hiyo ilijifichua yenyewe: kosa lilelile la tahajia katika karatasi zote, jumla iliyokosewa vilevile. Sasa dakika chache zinatosha kupata proforma tatu zenye mitindo tofauti, zote safi. Mkaguzi anayebaki mezani hataona kitu. Ni lazima aende dukani, aingie karakana ya seremala, aulize mbao ziko wapi.

Uamuzi wa nani apewe kazi ubaki kwa kamati, yenye watu wanaoweza kuhojiwa. Bei za siri za wauzaji zisiingizwe kwenye programu ya nje kabla bahasha hazijafunguliwa. Bodero ya mapokezi (hati ya kupokea bidhaa) isainiwe na mwalimu na mzazi waliohesabu madawati wenyewe.

Vyuo na shule za eneo hili zinaweza kuanza na daftari la pamoja la bei: bati, saruji, mbao, chaki, kila mwezi, pamoja na tarehe na jina la duka, Kasongo kando na Kabambare kando. Mashine ikipewa daftari hilo, itakuwa na cha kulinganisha.