Mpambaji wa Duka na Macho ya Mnunuzi



Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini hata kitu chema hakinunuliwi kisipoonekana. Leo napenda kuwaeleza kazi ya mpambaji wa duka.

Apitaye Biashara Street mjini Nairobi, njia iliyoitwa Bazaar Street zamani za ukoloni, huona kanga na vitenge vimetundikwa milangoni. Akienda magharibi hata Westlands, katika Sarit Centre iliyofunguliwa mwaka 1983, huona nyuma ya vioo sanamu zilizovikwa nguo na kumulikwa taa. Hayo hayakujipanga yenyewe. Mpambaji hufanya kazi kabla wateja hawajaingia. Kitu atakacho kinunuliwe upesi hukiweka sawasawa na macho ya mtu mzima. Peremende huziweka chini, mtoto azione. Maziwa na mkate mara nyingi huwekwa nyuma kabisa, ili mnunuzi avipite vitu vingine vyote kwanza.

Je, huu ni udanganyifu? La, maadamu kilicho mbele ni sawa na kilicho nyuma. Tazameni mama auzaye nyanya Kangemi. Huzipanga mafungu mafungu, nzuri zikiwa juu. Lakini akificha mbovu chini, atauza leo tu. Kesho mnunuzi atakwenda kwa jirani.

Tena upambaji hauwezi kuficha ufukara wa ghala. Kampuni ya Nakumatt ilikuwa na maduka makubwa katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 ilielemewa na madeni, na rafu zake zikabaki tupu mbele ya watu wote. Mwezi wa Januari 2020 walioidai walikata shauri ivunjwe.

Basi, kijana utakaye kazi hii, jifunze mambo matatu: usafi, mwanga, na bei iliyoandikwa wazi. Nalo la nne ndilo gumu. Iwapo tajiri wako atakuamuru kuifunika tarehe ya mwisho ya unga au maziwa, ukatae kwa adabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zifaazo na habari zake. Huenda ukaogopa kupoteza kazi. Lakini kumbuka kwamba mtoto atakayekunywa maziwa yale hakuiona tarehe, wewe uliiona.